Chai Waliyoikataa Nyumbani Kwako

Mama Aisha, mke wangu, wewe uliyelala kule ng'ambo ya mto wa Oli,

Salamu sitaandika nyingi, kwa sababu nimekasirika, na hasira ikingoja salamu inapoa. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Wewe ndiwe uliyekuwa ukinicheka, ukisema kalamu mkononi mwangu ni kama sindano kwenye kwato ya fahali. Sawa. Leo fahali ameshona. Tena barua hii si ya kutiwa kwenye bahasha. Ijumaa, watu wakitoka kuswali, nitasimama kwenye ngazi ya ghala la zamani la pamba niisome kwa sauti, Oli yote isikie, na mwenye jamaa Onduparaka ama Vurra ampelekee habari. Nasoma polepole. Watangoja. Mimi nimewangoja wao miaka mingi waseme neno moja la kweli juu yako, hawakusema.

Jambo lenyewe ni hili. Wanasema ulikuwa mtu wa sumu. Wanasema uliwapa watu sumu kwenye kikombe wakati wa kipindupindu, na kwamba sumu hiyo umemwachia Aisha, kama mama anavyomwachia binti chungu chake. Kwa hiyo mtoto wetu hataolewa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze nyuma, maana wengi watakaosikiliza Ijumaa walikuwa bado wananyonya siku zile, na wengine walikuwa wakubwa lakini wamejisahaulisha.

Unakumbuka tulivyorudi kutoka Kongo. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi letu liliposhindwa, tulikimbia kama kuku waliomwagiwa maji, tukakaa upande wa Aru tukilima mihogo ya watu. Tuliporudi tulipita Vurra, wewe na mzigo kichwani, mimi na sufuria ya jeshi mgongoni. Askari wa forodha akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia, "Hii sufuria imelisha kikosi kizima. Wewe siku hizo ulikuwa unalisha nani?" Akatupisha. Mpaka leo nasema, kutoka Koboko mpaka Arua hakuna mpishi wa jeshi aliyeweza kusonga ugali wa kikosi bila bonge hata moja, isipokuwa mimi. Kama yupo, ajitokeze na mwiko wake.

Tulikwenda Koboko tukakuta nyumba yetu imebaki ukuta mmoja, na nyasi zimeupita ukuta urefu. Wewe ulisimama, ukang'oa nyasi chache kama mtu anayepalilia, halafu ukazitupa. Ukasema, "Twende Arua mjini, Oli kwa mjomba wangu, hapa tutalea nyoka." Tukajenga kibanda. Sisi tulikuwa na mjomba. Wenzetu wengi hawakuwa na mjomba wala kibanda. Walitoka Kongo, walitoka Sudan, wakakuta majivu, wakaja mjini kulala kwenye baraza za maduka, mama na watoto, wazee na makoti yao ya zamani, kila mtu na gunia lake.

Halafu kipindupindu kikaingia. Na hapo ndipo nilipoijua tabia ya watu wenye mabati, wenye maduka na nyumba zao.

Wewe unakumbuka ile miiba. Nataka waliotandaza miiba wasikie kwamba bado naikumbuka. Walikata matawi ya miiba, wakayalaza kwenye baraza zao ili watu wasilale pale. Uliingia dukani kwa yule mama mnene, ukamuuliza kwa adabu zote:

"Dada, hii miiba ni ya nini?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi gani huyo anayekuja na blanketi?"

Akafunga mlango. Wewe ukavua khanga ya begani, ukaikunja mkononi, ukaanza kuondoa ile miiba tawi kwa tawi, mchana, watu wakiangalia. Mimi niliona aibu kidogo, nikaja kukusaidia.

Wakubwa wa mji walikuja mara moja na gari. Hawakushusha kioo. Mmoja alionyesha kidole upande huu, akaonyesha kidole upande ule, dereva akageuza gari, wakaenda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Kwa hiyo nani alilifungua ghala la pamba wagonjwa walale? Mlinzi alikataa, akasema hana amri. Nikamwambia, "Amri ndiyo hii," nikapiga kufuli kwa shoka. Nasema wazi, mimi ndiye niliyevunja kufuli. Kama serikali inanitafuta, nyumba yangu inajulikana. Hakuna aliyetulipa, hakuna aliyetuandika kazi. Ulikuwa wewe, nilikuwa mimi, walikuwa akina mama wa msikitini na wa kanisani waliokuwa hawasalimiani vizuri mpaka siku ile, alikuwa Mama Furaha, yule Mkongo wa kuoka mikate, na walikuwa vijana wa mpira wa Onduparaka.

Wale vijana, Mama Aisha! Waling'oa nguzo za goli lao wenyewe, wakafunga magunia katikati, wakapata machela ya kubebea wagonjwa. Njia nzima wanabishana nani alikosa penalti. Kuna siku mgonjwa mmoja alifungua macho, akasema, "Nyinyi, mumebeba mimi ama mumebeba goli?" Wakacheka mpaka karibu wamwangushe. Wewe uliwagombeza, lakini nilikuona umegeuka kucheka.

Mama Furaha alitoa sukari yake yote. Sukari siku hizo ilikuwa inatoka upande wa pili wa mpaka kwa kujificha, na mtu aliye nayo haonyeshi. Yeye alikuja na gunia kichwani akalibwaga mbele ya sufuria yangu. "Mutu akikufa hapa kwa kukosa sukari yangu, hiyo mukate nitakula na mudomo gani?" Mwezi ule mikate ya Oli ilikuwa haina utamu kabisa, na hakuna aliyelalamika, isipokuwa yule yule mama mnene.

Mimi nilikaa kwenye moto. Nilichemsha maji, nikatia chumvi na sukari jinsi yule mganga wa zahanati alivyotuonyesha, wagonjwa wanywe, maji yaliyotoka mwilini yarudi. Ni kazi nyepesi ukiisema hivi. Lakini watu walikataa kunywa.

Anayesikiliza kutoka mbali aelewe hapa. Sisi watu wa huku tuna desturi. Anayekupa kinywaji anaonja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo na wewe unywe. Asiyeonja amekudharau, ama anataka kukuzika. Hata mtoto anajua. Na wale watu wa baraza walikuwa wamekimbia vita na kurudi, wamechomewa nyumba na watu waliowajua kwa majina. Wamwamini nani? Maji yenyewe si chai, si mchuzi, yana ladha ya machozi. Wakageuza nyuso ukutani. Wengine walikuwa wanakufa na kiu, na kikombe kiko hapo hapo.

Basi nikaonja mimi. Nikachota kwa upawa, nikanywa mbele ya ghala zima, nikajipangusa ndevu. Mzee mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Huyo mwanajeshi. Tumbo lake iko ya chuma. Huyo hata ukimpa petroli atanywa."

Mimi nilitaka kugombana. Wewe ulininyang'anya upawa.

Ulikwenda kwa wa kwanza, ukapiga goti, ukanywa kidogo kwenye kikombe chake cha bati, ukampa. Akanywa. Ukaenda kwa wa pili, ukanywa kwenye kikombe chake, ukampa. Akanywa. Ukaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa ghala, na jioni ukarudia, na kesho yake tena. Nilikwambia, tena kwa sauti ya paredi, "Wewe mwanamke, chukua kikombe chako peke yako! Onja humo! Hawa watu wanatapika kwenye hivyo vikombe!"

Hukunijibu kwa sauti. Ulikuja karibu na moto, ukasema, "Nikionja kwenye kikombe changu, watasema sumu iko kwenye chao. Ulimradi uviunguze vizuri kwa maji ya moto." Nikawa naviunguza. Naapa, hakuna kikombe kilichopita mikononi mwangu bila maji yanayochemka. Lakini mgonjwa anameza kidogo, anatema, anarudisha kikombe, anasema, "Onja tena." Na wewe unaonja tena. Hapo maji yangu ya moto yatafika saa ngapi?

Watu waliacha kufa jinsi walivyokuwa wanakufa. Hilo hata adui yako analijua. Halafu ukalala wewe. Sitaandika siku ile. Wewe uliiona kuliko mimi.

Lakini nitaandika siku iliyofuata. Ulibebwa na vijana wa mpira, safari hii kimya. Mama Furaha alitembea nyuma akiwa peku. Akina mama wote wa sufuria walikuja. Wenye mabati hawakuja. Na udongo haujakauka, maneno yakaanza. Wale waliofiwa walitafuta mkono wa mwisho uliowapa jamaa zao kinywaji, wakakuta ni mkono wako. Nani mwingine? Ni wewe tu uliyekuwa unatoa! Wengine wakaongeza, "Naye mwenyewe amekufa. Sumu imemrudia." Nilipiga mtu mmoja sokoni kwa neno hilo. Nilimpiga vizuri. Neno halikufa.

Sasa njoo mpaka wiki iliyopita.

Aisha wako, uliyemwacha mdogo, amekuwa mtu mzima. Kimo ni chako, ukaidi ni wangu, Mungu amsaidie. Anashona nguo sokoni, na kuna kijana wa Koboko, fundi wa baiskeli, ambaye baiskeli yake mwenyewe huharibika mbele ya meza ya Aisha kila akija Arua. Nikasema, fundi gani huyu? Nikaelewa baadaye. Ni kijana mzuri. Babake alikuwa jeshini, si jikoni, lakini si kosa lake.

Wakaja wazee wake kuposa. Niliwapokea kama wakwe. Nilitandika mikeka, nikapika mwenyewe, kisha nikaleta birika la chai ya tangawizi. Nikamimina kikombe changu cha kwanza, nikanywa mbele yao, kama desturi inavyotaka, nikasema karibuni.

Hakuna aliyenyosha mkono.

Msemaji wao akakohoa. "Mzee wetu, wewe tunakuheshimu. Lakini si wewe uonje. Aonje binti. Tena kila kikombe."

"Kila kikombe?"

"Kila kikombe. Unajua watu wanasema nini juu ya marehemu. Sisi hatusemi. Sisi tunataka tu kutoa wasiwasi."

Mama Aisha, hebu pima mwenyewe. Kuonja mara moja ni heshima. Kuonja kila kikombe ni kesi! Ni mtu aliyeshtakiwa anayejitetea. Na katika nyumba ya nani? Yako! Aisha alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Nilidhani atalia. Aliliweka chini mbele yao, taratibu, hakuna kikombe kilichogonga kingine. Akasema:

"Wazee wangu, kuonja si kazi. Lakini nikionja, nimekubali. Mimi sikubali. Chai iko hapo, ni chai tu."

Akaingia ndani. Wazee wakaangaliana. Msemaji akasema watarudi Jumamosi ya wiki inayokuja, na binti akiwa bado anakataa, basi maneno yameisha. Wakasimama. Birika limejaa.

Na sasa nakwambia lililonitoa usingizi. Kati ya wazee wale kulikuwa na mmoja niliyemjua. Sio kumjua kwa jina la sokoni. Namjua tangu ghala la pamba.

Wewe utamkumbuka nikikwambia koti. Alikuwa amelala nyuma kabisa, kwenye kona, amevaa koti zuri kuliko watu wote, na hakutaka mtu ajue hana nyumba. Alijifanya anapita tu. Alipokuwa hawezi tena kusimama, bado alisema yuko safarini. Ulimpelekea kikombe akasema, "Sijui wewe ni nani." Ukaonja. "Tena." Ukaonja. Akakipiga kikombe kikamwagika kwenye nguo yako. Mimi nilikuwa nakuja na upawa wangu nimfundishe adabu, wewe ukanionyesha kiganja, simama pale. Ukaleta kingine. Ukaonja mara ya tatu, ukatabasamu kama unakunywa chai ya Idi. Akanywa. Akanywa mpaka chini.

Aliyemuosha ni mimi. Mimi, mikono iliyowapikia maafisa! Nilimuosha, nikafua na lile koti. Akapona. Asubuhi moja tukakuta nafasi yake tupu, amekwenda bila neno, na blanketi letu amekwenda nalo. Nilitaka kumfuata barabarani. Unakumbuka ulivyonikamata mkono? Ulisema, "Mwache. Mtu aliyepona usimkumbushe mavi yake. Na ukikutana naye siku moja mahali pa watu, usianze wewe kumjua. Mwache achague." Ukanifanya niahidi. Nikaahidi, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na wewe ulikuwa umebakiwa na siku chache, ingawa hatukujua.

Basi wiki iliyopita yeye alikaa kwenye mkeka wangu, amenenepa, ana kofia safi. Alinitambua. Naapa kwa Mungu alinitambua, maana tangu alipoingia hakuniangalia usoni. Na wenzake waliposema lile neno la kila kikombe, yeye aliangalia viatu mlangoni kama anavichunga vya kwake visiibiwe. Angesema sentensi moja tu! "Mimi nilikunywa mkononi mwake, nikaishi." Nyumba yote ingekaa sawa. Jina lako lingesafishwa mpaka Koboko, na Aisha angeanza kushona gauni lake. Hakusema.

Na mimi neno lilikuwa kwenye ulimi. Mimi ambaye mdomo wangu unajulikana, ambaye nimesimulia habari ya sufuria yangu kwa watu wasioniuliza! Ningemwambia mbele ya wenzake, "Wewe! Koti lako nililifua mimi!" Nilifungua mdomo. Nikakuona na kile kiganja chako. Nikaufunga. Wakaondoka.

Kwa hiyo jua kwamba nimewakasirikia wenye miiba, nimewakasirikia wenye gari, nimemkasirikia msemaji na wasiwasi wake, na nimekukasirikia na wewe. Wewe umekufa na wema wako, umenifunga mdomo na kufuli ambayo shoka langu haliwezi. Unafikiri ni rahisi? Mtoto anaketi kwenye cherehani yake, ananiuliza, "Baba, hakuna hata mmoja aliyepona anayeweza kuja kusema?" Nimemwambia wako. Akasema, "Nani?" Nikamwambia aniletee tumbaku yangu.

Jumamosi watarudi. Nitapika tena, na nitapika vizuri zaidi ili waumie wakikataa. Nitaonja mara moja, mimi mwenye nyumba, kama desturi. Aisha hataonja. Tumekubaliana, yeye na mimi, na anajua maana yake. Nitaweka kikombe mbele ya kila mzee, halafu nitakaa kimya, jambo ambalo Oli haijapata kuliona. Kuna mkono mmoja ninaoungojea. Ukinyoshwa ukachukua kikombe, sitauliza kitu, hata blanketi sitauliza. Usiponyoshwa, wataondoka, na Aisha atabaki hapa nyumbani na jina lako, na mimi bado sitasema. Nimeahidi mke, sikuahidi mtu mwingine.

Jina lake sikuliandika humu. Koboko ina wazee wengi na makoti mengi. Kama hata kusema kwamba yupo nimekosa, basi utanigombeza nikifika, na mimi nitakujibu, maana huko nadhani hakuna wakwe wa kutusikiliza.

Lala, Mama Aisha. Udongo wa ng'ambo ile nimeupalilia jana, kwa jembe, si kwa maneno.

Mimi mumeo,
Baba Aisha, mpishi wa kikosi